Mbwa akikimbia televisheni, pimeni masikio ya babu

Jumapili moja usiku, muda mfupi baada ya saa tatu, mama mmoja mkazi wa Kahawa West alimleta katika zahanati yangu mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka sita. Mkono wa kulia wa mtoto huyo ulikuwa umefungwa leso iliyolowa damu. Alikuwa ameng'atwa na mbwa.

Mgonjwa wa namna hii akiletwa, huwa nina maswali yangu matatu. Mbwa ni wa nani? Yuko wapi sasa? Alichanjwa lini? Majibu ya mama huyo hayakuwa yale niliyoyazoea. Mbwa alikuwa wao wenyewe, wamemfuga kwa miaka minne, na hadi jioni hiyo hakuwa amemwonyesha meno hata mgeni.

"Daktari, kilichomharibu ni hii televisheni mpya," alisema.

Kwa maelezo yake, miezi mitatu kabla ya hapo mumewe alikuwa amenunua televisheni bapa pamoja na king'amuzi kipya. Tangu hapo mbwa, ambaye kila jioni alilala miguuni pa babu, alibadilika. Televisheni ikiwashwa huinuka, hukwaruza mlango, na asipofunguliwa hujificha nyuma ya kochi akitetemeka. Jioni hiyo mvua ilikuwa ikinyesha, mlango ulifungwa, na watu walikuwa wakitazama kandanda. Bao likafungwa. Mtangazaji akapiga mayowe, nyumba nzima ikapiga mayowe, na mtoto akaingiza mkono nyuma ya kochi amtoe mbwa naye aje ashangilie.

Majirani walikuwa wameshamaliza kesi. Walisema kwamba hizi televisheni za dijitali hutoa sauti fulani ambayo binadamu haisikii, na ambayo huwatia mbwa wazimu. Baba mtoto naye alikuwa ametoa hukumu: kukicha, mbwa auawe.

Kabla sijaendelea, nieleze tulilolifanya usiku ule, kwa sababu wangali wapo watu wanaolipaka jeraha la mbwa mafuta ya taa. Tuliliosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15 kamili, saa ikiwa ukutani mbele yetu. Sikulishona. Nilimwandikia barua aende hospitali usiku ule ule akaanzishiwe chanjo ya kichaa cha mbwa na ile dawa ya kinga inayodungwa kwenye jeraha, pamoja na sindano ya pepopunda. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishaonyesha dalili, mgonjwa karibu kila mara hufa. Hakuna cha kungoja. Na kuhusu mbwa nilimpigia baba simu nikamwambia asimguse. Mbwa anayejulikana hufungwa na kuchunguzwa kwa siku 10. Akibaki hai na mzima siku hizo zote, tunajua kwamba siku aliyong'ata hakuwa na virusi hivyo katika mate yake. Ukimuua na kumfukia shambani, umefukia jibu pamoja naye.

Sasa nirudi kwenye hoja ya majirani, kwa kuwa nimeisikia mara nyingi, na kwa kuwa nusu yake ni kweli.

Sauti ni mitetemo ya hewa, na tunaihesabu kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Kijana mwenye masikio mazima husikia kuanzia hezi 20 hadi zipatazo 20,000. Mbwa hufika karibu hezi 45,000. Paka humpita mbwa, akivuka hezi 60,000, na ndiyo maana humsikia panya anayelia kwa milio ambayo wewe hutaisikia hata ukimshika mkononi. Kwa hiyo ni kweli kwamba mnyama wako anaishi katika ulimwengu wa sauti mpana kuliko wako.

Lakini je, televisheni ya dijitali inapeleka sauti hizo za juu? La. Mambo ni kinyume kabisa.

Sauti inayotoka studio, ikipimwa kwa kiwango cha kawaida cha utangazaji, huchukuliwa vipimo 48,000 kila sekunde. Kwa hesabu za mafundi, mfumo huo hauwezi kubeba mlio wowote unaozidi hezi 24,000. Yaani karibu nusu ya anachoweza kusikia mbwa imeachwa nje ya mlango hata kabla safari haijaanza. Kisha sauti hiyo, ikiwa ni ya spika mbili, inahitaji biti 1,536,000 kwa sekunde ili ipite nzimanzima. Hakuna kituo kinachotaka kuipa nafasi hiyo yote, kwa kuwa katika masafa yale yale zinapitishwa idhaa nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo sauti hubanwa. Ikibanwa hadi biti 192,000 imebaki thumuni moja ya ilivyokuwa. Ikibanwa hadi 128,000 imebaki sehemu moja ya kumi na mbili.

Kinachotupwa ni kipi? Hapa ndipo palipo na ustadi ambao mimi kama daktari huwa unanifurahisha. Wahandisi walisoma udhaifu wa sikio la binadamu. Sauti kubwa ikilia, sikio letu halisikii sauti ndogo iliyo karibu nayo. Ngoma ikipigwa, mkwaruzo wa kiti hupotea. Basi mitambo hutafuta kila kilichofunikwa namna hiyo na kukiacha. Milio ya juu kabisa, inayozidi takriban hezi 15,000 au 16,000, mara nyingi huwa ya kwanza kukatwa, kwa kuwa watu wazima wengi hawaisikii hata hivyo. Kwa maneno mengine, sauti ya televisheni ni nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya sikio la mwanadamu. Mbwa hakupimwa. Huenda kwake mbweko wa mbwa wa kwenye kioo ni kama picha ya nyama choma iliyochapishwa gazetini: anatambua ni nini, lakini si chenyewe. Hakuna anayejua kwa hakika mbwa anahisije, lakini wafugaji wengi watakubaliana nami kwamba mbwa hukimbilia televisheni akisikia mwenzake akibweka, huchungulia nyuma yake, hakuti mtu wala harufu, na baada ya siku chache huacha kujisumbua.

(Kasuku ni habari nyingine. Sikio la ndege huyo halifiki hata mahali letu linapofika, kwa hiyo sauti iliyobanwa haimpunguzii chochote. Ukimsikia akiimba tangazo la sabuni neno kwa neno, usishangae.)

Mimi nilikua katika enzi za televisheni za Great Wall, zile nyeusi na nyeupe tulizoziendesha kwa betri ya gari. Hizo ndizo zilizokuwa na mlio wa siri. Kifaa kilichochora mistari ya picha kwenye kioo kilifanya kazi mara 15,625 kwa sekunde, na kilitoa mluzi mwembamba kama wa mbu. Sisi watoto tuliusikia tukiwa bado uani, tukajua kwamba kwa jirani televisheni imewashwa. Wazazi wetu walitukatalia katakata, si kwa ukaidi, bali kwa sababu masikio yao hayakuufikia tena. Mbwa wa enzi hizo bila shaka waliusikia vizuri zaidi kuliko sisi, na hawakuingiwa na wazimu. Televisheni bapa hazina mtambo huo. Hata picha zake ni tulivu zaidi kwa mbwa. Jicho lake huona mmemetuko hadi takriban mara 75 kwa sekunde, na zile za zamani zilizomemetuka mara 50 zilikuwa kwake kama taa mbovu ya dukani.

Nilimpa mama huyo jaribio la kufanya. Washa televisheni, lakini uzime sauti kabisa. Mbwa akikimbia, majirani wamesema kweli: kuna mlio unaotoka katika kifaa chenyewe, na fundi aitwe. Asipokimbia, pandisha sauti namba baada ya namba, ukiandika kwenye karatasi namba anayoinukia.

Alirudi siku ya tatu, mtoto alipopelekwa kwa chanjo ya pili. Sauti ikiwa imezimwa, mbwa alilala. Namba 10, alilala. Namba 20, aligeuza masikio. Namba 28, aliinuka akaenda mlangoni.

"Na nyinyi huwa mnasikiliza kwa namba ngapi?" nilimuuliza.

Akacheka kwa aibu kidogo. "Arubaini na mbili, daktari. Ni kwa sababu ya babu."

Wasomaji wengi mnaijua sebule hiyo, na mimi pia naijua. Televisheni inanguruma hadi kwa jirani wa tatu, watu wazima wanazungumza kwa ishara, mtoto anafanya kazi ya shule akiwa amejiziba masikio, na hakuna anayethubutu kuigusa rimoti kwa sababu iko mkononi mwa mzee. Tuna kanuni za kudhibiti kelele nchini tangu mwaka 2009, na zinazungumzia baa, makanisa na magari, lakini hakuna afisa atakayebisha hodi kumwambia baba yako apunguze taarifa ya habari.

Mzee mwenyewe alikuwa amemsindikiza mjukuu. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye mikono migumu kama ubao, na baadaye niliambiwa kwamba alipiga mabati kule Kamukunji kwa zaidi ya miaka 30, akitengeneza masanduku ya wanafunzi na majiko. Nilimuuliza kama anasikia vizuri.

"Sauti naisikia sana," alijibu. "Hawa watangazaji wa siku hizi ndio hawatamki maneno."

Msomaji, ukisikia jibu hilo kwa mzazi wako, usibishane naye. Anakwambia kweli kama anavyoipata. Sikio linapochoka kwa umri au kwa kelele, halizimiki lote kama taa. Huanza kupoteza milio ya juu, huku ile ya chini ikibaki. Irabu za maneno yetu, yaani a, e, i, o, u, ziko chini na zina nguvu. Hizo mzee anazipata. Lakini s, sh, f, t na wenzake ziko juu na ni dhaifu. Kwa hiyo anasikia kwamba kuna mtu anazungumza, tena kwa sauti, lakini hajui kama amesema "kufika" au "kushika". Akiongeza sauti, zile irabu ndizo zinazozidi kunguruma. Ni kama kumkaribishia taa mtu ambaye miwani yake imejaa vumbi.

Nilisimama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, nikamwomba azibe sikio moja. Nikanong'ona, "Sita."

"Tisa," akajibu.

Tulirudia kwa sikio la pili. Nikanong'ona "tisa", naye akasema "sita", kisha akageuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa akicheka. Nilitoa nta iliyokuwa imejaa katika sikio la kushoto, jambo ambalo wakati mwingine hutosha kumaliza shida. Kwake halikutosha. Alipopimwa hospitalini, mchoro ulionyesha shimo kubwa katika masikio yote mawili kwenye milio ya hezi 4,000. Shimo mahali hapo aghalabu ni alama ya kelele ya kazini. Nyundo za Kamukunji zilikuwa zimeandika historia yao humo ndani.

Hata hivyo, sitaki kumtwika mzee lawama yote, kwa maana malalamiko yake juu ya watangazaji yana ukweli. Kuna kubana sauti kwa namna ya pili, ambako watu hukuchanganya na kule nilikokueleza hapo juu. Huku hakupunguzi biti. Huku husawazisha vimo: sauti ndogo huinuliwa, kubwa hushushwa, hadi mnong'ono na mayowe vikakaribiana. Tangazo la biashara likifanyiwa hivyo halivuki kilele kilichoruhusiwa, lakini halipumziki hata kidogo; sekunde zote 30 ziko juu. Katika mechi ya kandanda, ukiongeza na makelele ya mashabiki na muziki unaopitishwa chini ya maneno, sauti ya mtangazaji inakuwa kama mtu anayekuita kutoka ndani ya matatu. Kijana mwenye masikio mazima huitenganisha. Mzee hawezi. Juu ya hayo, televisheni bapa ni nyembamba, spika zake ni ndogo, na nyingi zimeelekezwa chini au nyuma, kwa hiyo mzee anasikiliza sauti iliyogonga ukuta kwanza.

Wazungu nao walichoshwa na jambo hili. Mwaka 2010 umoja wa vituo vya utangazaji vya Ulaya ulitoa mwongozo wa kupima ukubwa wa sauti kama sikio linavyoupokea, na si kilele chake tu. Marekani ilitunga sheria ya kuzuia matangazo ya biashara kuwa na kelele kuliko vipindi, nayo ikaanza kutumika Desemba 2012. Mimi ningefurahi kuwaona wenye vituo vyetu wakikaa sebuleni na mzee mmoja mwenye miaka 70, rimoti mkononi, kuanzia taarifa ya saa moja hadi mwisho wa mechi. Wangejifunza zaidi ya wanavyojifunza kwenye mita zao.

Basi mbwa anasikia nini kwa namba 42? Ile milio ya juu iliyotupwa na mitambo hairudi. Lakini spika ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi hukatwa vichwa, na kukatwa huko huzaa milio mipya ya juu, mikali, ambayo haikuwamo katika matangazo. Sisi tunaisikia kama ukwaruzo. Yeye ana sababu ya kuisikia vizuri zaidi. Na zaidi ya ukali ni ghafla: kimya, kisha mlipuko wa bao. Mbwa hana rimoti, na hajui kanuni za kuotea. Anachojua ni mlango, na mlango ulikuwa umefungwa. Mnyama aliyenyimwa njia ya kukimbia, kisha mkono ukaja juu yake gizani, hung'ata. Hilo si wazimu. Watoto wengi wanaoletwa kwangu na majeraha ya mbwa hawakung'atwa na mbwa koko wa sokoni bali na mbwa wanayemjua kwa jina, na mara nyingi ni kwa sababu walimfuata mahali alipojificha.

Ndiyo sababu namtetea mbwa huyu. Kwa miezi mitatu alikuwa akiwaambia watu wa nyumba hiyo kwamba sauti imezidi, naye alikuwa wa pekee aliyethubutu kuinuka na kwenda zake. Mtoto alikuwa akikaa mita mbili kutoka kwenye kioo kile kile, na hakuna aliyemuuliza kuhusu masikio yake.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio. Inapofika desibeli 90, muda unashuka hadi saa nne kwa wiki nzima. Ongezeko hilo la 10 linaonekana dogo, lakini desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila zikiongezeka tatu, nguvu ya sauti inayogonga sikio huzidi maradufu. Huna haja ya kununua kipimo. Ikiwa inakubidi kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, sebule yako imepita kiasi. Wale waliounganisha televisheni na spika kubwa za muziki wajipime mara mbili.

Kwa upande wa wazee, hasara ya kungoja ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Zaidi ya robo ya watu waliopita umri wa miaka 60 duniani wana upungufu wa kusikia unaowatatiza maishani. Mtu asiyesikia huacha kwenda kwenye mikutano ya ukoo, huacha kujibu simu, hucheka wengine wanapocheka bila kujua ni kwa nini. Wataalamu waliokutanishwa na jarida la tiba la Lancet walitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau uzeeni na ambayo yanaweza kurekebishwa. Kupoteza usikivu ni mojawapo. Hii haina maana kwamba kila asiyesikia atasahau jina la mwanawe. Ina maana kwamba kumwacha aongeze namba kwenye rimoti mwaka baada ya mwaka si heshima.

Kuna jambo moja ambalo huwa nawauliza wagonjwa wote wa namna hii, nawe ujiulize kwa niaba ya mzazi wako: aliwahi kudungwa sindano kwa muda mrefu? Dawa kama streptomycin na kanamycin, zilizotumiwa kwa miaka mingi dhidi ya kifua kikuu, huweza kuua seli za sikio la ndani, na seli hizo hazioti tena. Siku hizi hata kifua kikuu sugu hutibiwa zaidi kwa vidonge. Lakini waliodungwa zamani wangali nasi, na wengine hawakuambiwa kamwe kwamba mlio wanaousikia masikioni usiku ulitoka hapo. Gentamicin ni ya jamii hiyo hiyo na ingali inatumika. Ni dawa nzuri mahali pake. Usiinunue dukani bila daktari.

Nimeulizwa na wasomaji kama ni vyema kumwachia mbwa televisheni ili asiwe mpweke familia inapokwenda kazini. Huko Marekani kuna idhaa nzima ya mbwa, DogTV, tangu mwaka 2012. Sina ubishi nayo. Kama mbwa wako hutulia, iache kwa sauti ya chini, ya mazungumzo na si ya mapigano. La muhimu ni kwamba awe na mahali pa kuondoka. Usimfunge kamba katika chumba chenye televisheni, na uwafunze watoto kwamba mbwa aliyejificha haguswi hata akiitwa jina. Vivyo hivyo kwa paka.

Na kwa mzee: kabla ya kununua spika nyingine, mlete apimwe. Atolewe nta. Keti kando yake kwenye kochi usikilize kutoka pale alipo. Sogeza kiti chake karibu na televisheni badala ya kuisukuma sauti hadi kwake. Umbali ukipungua nusu, sauti inayomfikia huongezeka bila kumpigia jirani kelele. Televisheni nyingi zina mpangilio wa kukuza mazungumzo na wa kusawazisha sauti za usiku, umejificha ndani ya orodha ambayo vijana wenu wanaweza kuifungua kwa dakika moja. Akihitaji kifaa cha kusaidia kusikia, mwelezeni mapema kwamba wiki za kwanza kitamkera, kwa kuwa vijiko na milango vitamrudia vyote kwa mara moja.

Mzee wa Kahawa West alikataa kifaa mwanzoni. Alisema kitamfanya aonekane mzee. Aliyemshawishi ni mjukuu, ambaye alimwonyesha kovu la mkono wake na kumuuliza kama anataka ang'atwe tena. Siku 10 zilipita na mbwa yu mzima, anakula ugali wake kama kawaida. Baba mtoto alinipigia simu mwenyewe kunijulisha, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Sasa, naambiwa, televisheni haipiti namba 20. Mzee huvaa kifaa chake kwa taarifa ya habari ya saa moja, na hukivua mpira ukianza kwa sababu, asema, mashabiki wana kelele mno. Mbwa amerudi miguuni pake. Matangazo ya biashara yakianza, bado huinuka na kwenda jikoni.